Tunduma: Kila kero huitwa kikwazo, ndiyo maana nyingi haziondoki

KATIKA vikao vya biashara vinavyofanyika Tunduma na Vwawa, kuna neno moja ambalo halikosekani: vikwazo. Ofisa wa wizara hulitumia, wakala wa forodha hulitumia, mama anayeuza mchele Nakonde hulitumia, na mkulima wa mahindi wa Mbozi naye hulitumia. Wote hukubaliana kuwa vikwazo viondolewe. Kikao kikifungwa kila mmoja hurudi kwenye shughuli zake, na malori yanabaki palepale kwenye foleni.

Lawama kwa kawaida huelekezwa kwa watendaji, na mara nyingine ni sahihi. Lakini sehemu ya tatizo iko kwenye neno lenyewe. Watu wanne wanaweza kukaa meza moja wakalalamikia vikwazo, kumbe mmoja anazungumzia geti la ushuru, wa pili marufuku ya kuuza mahindi nje, wa tatu cheti cha afya ya mimea, na wa nne askari aliyemdai fedha bila risiti. Mambo hayo manne hayafanani, hayana mwenye mamlaka mmoja na hayaondolewi kwa njia moja.

Neno hilo limeingia kwenye vikao hivi kutoka Kiingereza, ambako huitwa 'barrier'. Asili yake ni Kifaransa, na maana ya kwanza ni ufito au nguzo inayowekwa kukinga njia. Kutokana na shina hilohilo limetoka pia neno baa, kwa sababu hapo zamani mnywaji na muuzaji walitenganishwa na ubao. Tunduma ina nyingi za aina zote mbili. Kutoka kwenye nguzo, Waingereza wakalipanua neno lao hadi likabeba kila kinachomzuia mtu: bahari, lugha, umaskini, sheria, woga.

Kiswahili hakina sababu ya kurundika yote hayo mahali pamoja, maana kina maneno yake. Kizuizi ni kitu kinachosimama mbele yako na kukuzuia. Kikwazo ni kile unachojikwaa nacho, kiko chini miguuni, na ukikiona mapema unaweza kukiruka. Kizingiti ni cha mlangoni. Hakikuzuii kuingia, kinakutaka uinue mguu. Pingamizi huwekwa na mtu anayedai haki yake. Marufuku hutolewa na mwenye mamlaka. Kuna na zuio, ambalo mahakamani ni amri, na TRA ni kodi ya zuio, yaani fedha inayokatwa na anayekulipa na kupelekwa serikalini kwa niaba yako. Tena vikwazo hivyohivyo ndivyo redio husema vimewekwa na Umoja wa Mataifa dhidi ya nchi fulani. Si ajabu basi mkulima akisikia 'vikwazo visivyo vya kiforodha' akadhani ni adhabu.

Tofauti hizo si za walimu wa lugha peke yao. Kwa mtu mwenye magunia 40 ya mahindi, ndizo zinazoamua aende kubisha mlango gani.

Geti la ushuru

Kwanza kuna kizuizi chenyewe, nguzo ya chuma au kamba iliyokingamishwa barabarani, na kijana mwenye mashine ya kutolea risiti. Hili ni geti la ushuru wa mazao la halmashauri. Halmashauri hutoza ushuru huu kwa mujibu wa Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, na sheria inamtaka mnunuzi aulipe, si mkulima. Wakulima wengi hawalijui hilo. Mnunuzi hupunguza bei shambani akisema kuna ushuru njiani, kisha mkulima akisafirisha mwenyewe hulipa tena kana kwamba ni yeye mnunuzi.

Katika hotuba ya bajeti ya mwaka 2017/18, Serikali ilitangaza kushusha ushuru huo kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Ilitangaza pia kuwa anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine asitozwe. Tani moja ni magunia 10 ya kilo 100, kama gunia ni gunia kweli na si lumbesa. Mkulima wa Mlowo anayepeleka magunia manane kwa ndugu yake Tunduma alikuwa analengwa na tangazo hilo moja kwa moja. Kabla ya hapo, mwaka 2003, Serikali ilikwishafuta kodi ya maendeleo pamoja na rundo la kodi ndogondogo zilizoitwa kodi za kero.

Kwa hiyo geti si kikwazo kwa sababu tu lipo. Ushuru halali ni kizingiti: unainua mguu, unalipa, unapewa risiti, unapita. Linakuwa kikwazo pale linapodai mara ya pili kile kilicholipwa halmashauri mazao yalikotoka, au linapomtoza mwenye magunia manane. Malalamiko hayo hupelekwa kwa mkurugenzi wa halmashauri na kwa diwani, kwa sababu ni Baraza la Madiwani linalopitisha sheria ndogo za ushuru. Kupanda nayo hadi kwenye kikao cha kimataifa ni kupoteza nauli.

Na anayepokea fedha bila kutoa risiti hana nafasi katika hesabu hii. Huyo si kikwazo cha biashara, ni mla rushwa, na ofisi yake ni TAKUKURU. Kumwita kikwazo ni kumpa heshima asiyostahili. Ndiyo maana katika baadhi ya mikutano wenye kudai hongo huwa wa kwanza kuunga mkono azimio la kuondoa vikwazo.

Marufuku na utaratibu

Marufuku ni jambo jingine kabisa, na ndilo linalomuumiza mkulima kuliko yote. Juni 2017 Serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, ikitaka anayetaka soko la nje asage na kuuza unga. Nia ilikuwa kulinda chakula na kukuza viwanda vya kusaga. Msimu uliofuata bei ya mahindi katika nyanda za juu kusini ilianguka, wakati maghala yakiwa na mzigo. Mwaka 2018 zuio likaondolewa. Haikuwa mara ya kwanza, kwani kulikuwa na marufuku mwaka 2008 na nyingine mwaka 2011. Zambia nayo imewahi kuyazuia mahindi yake kutoka, zaidi ya mara moja.

Marufuku ya namna hii haikai Tunduma hata kama inaonekana Tunduma. Askari wa forodha anayesimamisha lori hakuiamua na hawezi kuifuta. Na hasara yake haibaki kwa mwenye lori. Mfanyabiashara anayehofia kuwa mpaka unaweza kufungwa wiki ijayo hupunguza bei shambani leo ili kujikinga. Chukulia mkulima wa Mbozi mwenye magunia 50 ya kilo 100. Mnunuzi akishusha bei kwa Sh100 tu kwa kilo kwa sababu ya hofu hiyo, mkulima amepoteza Sh500,000, na hakuna lori lililozuiwa bado.

Mwaka 2023 sura ilikuwa nyingine. Serikali ilitaka kila anayesafirisha nafaka nje awe na leseni, namba ya mlipakodi na kibali cha Wizara ya Kilimo. Malori yakakwama mipakani, na maneno yakaenea haraka masokoni kuwa mpaka umefungwa. Serikali ilieleza kuwa haijapiga marufuku, imeweka utaratibu. Kwa aliyekuwa na mzigo juani tofauti hiyo ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa ya kweli. Marufuku humwacha mtu bila la kufanya isipokuwa kusubiri. Utaratibu unaweza kutimizwa, na waliojua mapema kuwa ni utaratibu waliwahi kuomba vibali huku wengine wakingoja mpaka 'ufunguliwe' wakati haukuwa umefungwa.

Mwaka mmoja baadaye hali iligeuka. Februari 2024 Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa, na katikati ya mwaka huo Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ilikubaliana kuiuzia nchi hiyo tani 650,000 za mahindi. Mpaka uleule na barabara ileile vilikuwa na kazi mpya. Hapo ndipo mtu anapoona kuwa mahindi ya Songwe huenda Zambia au hayaendi kutegemea zaidi uamuzi wa Dodoma na Lusaka kuliko nguzo ya pale getini.

Mfano wa karibuni ni wa Aprili 2025. Malawi ilikuwa imezuia baadhi ya mazao kuingia kutoka nje, yakiwamo mahindi, mchele, tangawizi na ndizi, na Afrika Kusini ilikuwa haipokei ndizi za Tanzania. Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya kilimo ya nchi hizo mbili. Mazungumzo yakafuata, na zuio la Tanzania halikudumu. Lakini mfanyabiashara aliyekuwa na mzigo wa matufaa njiani, au wa mchele wa kuvusha Isongole kwenda Chitipa, hakuwa na namna ya kujua litadumu siku ngapi. Hilo halikuwa suala la ushuru wala la usafi wa mazao. Lilikuwa pingamizi la nchi kwa nchi.

Kinachoonekana kisingizio

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa madai ya sumukuvu. Siku chache baadaye ililegeza, ikaweka masharti: waingizaji wasajiliwe, na mzigo uwe na cheti kuonyesha kuwa sumukuvu haizidi kiwango. Upande wa Tanzania wengi walisema ni hila za kulinda soko. Huenda siasa ilikuwamo, kama inavyokuwamo karibu kila mahali penye mahindi. Lakini sumukuvu si hadithi. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo.

Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, na sumukuvu isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Viwango hivyo ni kizingiti kinachovukwa shambani, wiki nyingi kabla ya mpakani: kwa turubai la kuanikia, kwa kutolundika mahindi mabichi juu ya udongo, kwa kuhifadhi katika mifuko isiyopitisha hewa. Anayefika getini na mahindi yenye unyevu na kuambiwa hayapiti amejikwaa kwenye jiwe aliloliweka mwenyewe mwezi wa sita. Ni kweli pia kwamba maabara ziko mbali na wakulima wengi wa Momba na Ileje, na kupima mzigo mdogo kunaweza kula faida yote. Hicho ndicho kikwazo halisi hapo. Si kiwango, ni umbali wa kipimo. Mwenye kudai kiwango kifutwe atakosa vyote viwili. Anayedai kipimo kisogezwe Vwawa ana hoja inayoweza kusikilizwa.

Mpaka ambao hauonekani

Kuna jambo ambalo mfanyabiashara mdogo wa Tunduma huelezwa mara chache, na huleta machungu mengi. Redioni husikia kuwa bidhaa zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani zina cheti rahisi cha uasili, hujazwa palepale mpakani, na zinavuka bila ushuru wa forodha. Anafunga mchele wake, anakwenda Nakonde, anaambiwa hakuna kitu kama hicho. Anarudi akisema amedhulumiwa.

Hajadhulumiwa, amepewa habari za mpaka mwingine. Cheti hicho ni cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa bidhaa zinazozalishwa ndani ya nchi wanachama, na kinafanya kazi Namanga, Sirari, Holili au Mutukula. Zambia si mwanachama wa Jumuiya hiyo. Zambia iko COMESA, ambayo nayo ina utaratibu wake rahisi unaotumika, kwa mfano, kati ya Zambia na Malawi. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000. Mahali Tanzania na Zambia zinapokutana ni SADC, yenye eneo huru la biashara tangu mwaka 2008, na huko msamaha wa ushuru unataka cheti cha uasili cha SADC. Kwa vyeti vya uasili, mlango wa kubisha ni Chama cha Wafanyabiashara, Wenye Viwanda na Kilimo, TCCIA.

Kwa mwenye lori la tani 30, cheti kimoja ni gharama ndogo. Kwa mama mwenye magunia matatu, muda na nauli ya kukifuata vinaweza kuzidi ushuru wenyewe. Ndipo njia za panya zinapoanza. Mpaka wa Tunduma hauna mto wala mlima wa kuwatenganisha watu. Mji mmoja unaishia ndani ya mwingine, na Wanyamwanga wako pande zote mbili. Kwa kusema, lugha si kikwazo hata kidogo: Kinyamwanga na Kiswahili vinatosha sokoni Nakonde. Lugha inakuwa kikwazo pale fomu inapotolewa kwa Kiingereza.

Njia ya panya huonekana bure, lakini ina bei yake. Kuna wa kubeba, kuna wa kuangalia njia, kuna wa kunyamazishwa. Mzigo ukikamatwa umekwenda wote. Usipokamatwa, hakuna risiti, hakuna rekodi, na mwisho wa mwaka mfanyabiashara akiomba mkopo hana karatasi inayoonyesha kuwa amewahi kuuza hata gunia moja nje ya nchi. Hasara ya mwisho ni kubwa kuliko zote na haionekani: katika takwimu za forodha mama huyo hayupo, kwa hiyo utaratibu rahisi unapojadiliwa baina ya nchi, biashara yake haihesabiwi kama sababu ya kuuleta. Hapa ndipo neno kikwazo linafaa kwa maana yake kamili. Ni mlango ambao haujatengenezwa, na wa kuutengeneza ni serikali mbili.

Foleni

Oktoba 2019 Marais John Magufuli na Edgar Lungu walizindua Kituo cha Pamoja cha Huduma Mpakani cha Tunduma na Nakonde, ili lori likaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Zambia ilikuwa na uzoefu huo tangu mwaka 2009 pale Chirundu, mpakani na Zimbabwe. Kituo kimesaidia, ila foleni haijafa. Njia ni ileile inayobeba mafuta, mbolea na bidhaa za bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo, na shaba ikirudi. Mtandao wa kompyuta ukisimama upande mmoja, majengo mapya hayasaidii. Mei 2020, Nakonde ilipokumbwa na corona, Zambia ilifunga mpaka kwa siku kadhaa na kila kitu kikasimama.

Madereva huongeza mizani kwenye orodha ya vikwazo: Vigwaza, Makambako, Mpemba na nyinginezo. Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari na mzigo wake. Barabara ikiharibika, mkulima ndiye hulipa kwa nauli kubwa zaidi. Kulalamikia ukomo huo ni kulalamikia lami. Kulalamikia saa tatu za kusubiri kupimwa ni jambo lingine, na lina haki.

Namna ya kusema

Jumuiya tatu, yaani COMESA, Afrika Mashariki na SADC, zina mfumo wa pamoja wa kupokea taarifa za vikwazo vya biashara kwa njia ya intaneti. Mfumo huo umevigawa katika makundi manane, kuanzia hatua za serikali za kubana biashara, taratibu za forodha, viwango vya ubora, afya ya mimea na wanyama, hadi tozo na usafirishaji. Taarifa ikiingia hupelekwa kwa nchi inayolalamikiwa, nayo hutakiwa kujibu.

Taarifa inayosema 'vikwazo vimezidi Tunduma' haiingii katika kundi hata moja kati ya hayo manane, na hakuna nchi inayoweza kuijibu. Inayojibika ni ile inayosema: tarehe fulani, saa fulani, upande wa Nakonde au wa Tunduma, magunia 30 ya mchele, ofisi fulani ilidai karatasi fulani, kiasi fulani kililipwa, risiti namba hii, mzigo ulikaa siku mbili. Wenye malori makubwa na mawakala wao wamekwisha kujifunza kuandika hivyo, na kero zao ndizo zinazojadiliwa. Wauza mchele wa Tunduma wanaovuka kila siku wana kero nyingi kuliko wao, na nyingi haziko kwenye karatasi yoyote.